Kasala Yenye Kaku Anazimaka

Julienne, uko wapi? Soma hii mbio.

Unajua vile kaku Désiré, babu yetu, anazimaka radio kila mara mwanamuke anaimba kasala, wimbo ya kwetu ya kulilia bantu benye balikufa? Sisi tulisema ni mambo yake ya kizungu tu. Leo amenieleza.

Mwaka 1954, wakati ya ukoloni, Élisabethville. Alikuwa karani, anatafuta karte ya ba-évolués, ile bazungu balipatia bantu beusi benye kuishi sawa bazungu. Bazungu batatu balifika kwake kukagua vikombe, kitanda, mpaka choo. Mwisho bakamuwekea disque, santuri ya kasala. Bakauliza: unapenda hii?

«Non, monsieur. Ni kelele ya bashenzi.»

Kelele ya bashenzi, Julienne! Na mama yake Kapinga, muimbaji wa kasala, kaku mwenyewe alikuwa amemuficha nyuma ya pazia, bazungu basimuone. Mama alisikia yote.

Karte, kaku aliipata.

Mwaka uliofuata mutoto wake wa kwanza alikufa. Kwetu muntu hazikwake bila kasala. Désiré akapiga magoti: «Mama, muimbie mutoto.»

Kapinga akamutazama. «Nipigie mutoto wako kelele?»

Balizika kimya.

Na sasa hivi kaku ameniomba: siku atakufa, muntu asimuimbie.