Kilemba cha Manjano Jukwaani

Dada yangu mpenzi,

Barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na shemeji ameacha kukohoa. Sisi wazima wa mwili. Roho ndiyo inachemka; nimekuwa na hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Unajua binti yangu Filimbi ndiye mwanamke wa kwanza kuchezesha ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu hapa kwetu. Nimekwambia mara mia, na leo ni ya mia na moja. Ana jicho la mwewe yule! Alimtoa baba yake mzazi kwenye karata alipomwona anachungulia.

Sasa sikia walivyomfanyia. Jumamosi ilikuwa fainali, wenyeji wako nyuma kwa pointi moja. Mchezaji wao akarusha, honi ya mwisho ikalia, mpira ukatumbukia. Mwanangu akasema umetoka mkononi kabla ya honi, kikapu halali. Kocha wa wageni akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akadai video irudiwe. Wakairudisha kwenye kile kitelevisheni chao cha pembeni ya uwanja, polepole kama konokono. Kamera ya chini haikuonyesha la maana. Ya jukwaani, ambayo peke yake huonyesha mkono na saa pamoja, ilizibwa: sekunde ileile mtu alisimama, picha nzima ikawa kilemba cha manjano. Video isipothibitisha kosa, uamuzi wa refa unabaki. Wenyeji wakabeba kombe.

Basi wageni wakalalamika kwamba mwenye kilemba alipangwa na refa. Kupangwa! Na kamati ya ligi bila haya ikamsimamisha mwanangu kazi mpaka Alhamisi, itakapokaa kuamua kama atachezesha tena au ndiyo basi. Jirani yangu fundi cherehani naye akaniambia lisemwalo lipo. Nikamjibu kwamba kilichopo ni suruali zake, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Hatusalimiani.

Filimbi mwenyewe hapigi kelele. Anafua shati lake la kuchezeshea, anaanika, kesho analifua tena. Jana mezani alisema hana kinyongo na yule wa kilemba. Anaomba tu ajitokeze aiambie kamati kwamba hawajuani.

Dada, hapo niliinuka nikaenda kuosha vyombo. Kilemba kile ni kile ulichonitumia wewe.

Alinikataza kwenda uwanjani, kwa sababu refa akitukanwa mimi sijizuii. Nikamwapia kwamba Jumamosi nitashinda kwako. Nikaenda, nikakaa mbele ya kamera bila kujua. Mpira ukiwa mkononi mwa yule kijana, mtu wa kiti cha pili akasema refa huyu kipofu. Nikasimama ili nimwambie vizuri. Hata huo mkono sikuuona! Tangu Jumamosi nimetukana mashine, kocha na fundi cherehani, kumbe wa kutukanwa nakutana naye kwenye kioo.

Nikishaifunga barua hii namwambia Filimbi. Akikupigia simu kuuliza kama kweli nilikuwa kwako, usinitetee. Na Alhamisi naingia kwenye kamati nimekivaa kilemba kile. Kwamba hatujuani sitasema, nimemzaa mimi. Nitawaambia hakunipanga. Alinikataza.

Msalimie shemeji na watoto wote, na goti ulikande.

Mdogo wako asiyesikia,
Mama Filimbi