Maneno Kumi na Mawili ya Mama

Jumatatu, 5 Mei
Malori mengi kwenye mzani leo. Vumbi jekundu hadi ndani ya chai. Siku nzima naandika uzito wa shaba ya watu, akili iko Kapata kwa Mama. Mtoto wa jicho anazidi kumfunika. Daktari wa Lubumbashi atamfanyia upasuaji Agosti. Fedha ipo, ila ikikaa nyumbani wajomba wataifuata kwa harufu. Nitampa Mama kwa bitcoin. Zawadi yake, ufunguo wake. Ufunguo wenyewe ni maneno kumi na mawili. Hata hapa siyaandiki.

Jumapili, 11 Mei
Nimempelekea simu ndogo yenye pochi ya bitcoin. Nikatuma kidogo cha kujaribia kwanza. Kikafika, ndipo nikatuma kilichobaki. Thamani hupanda na kushuka, kwa hiyo nimezidisha. Maneno nimeyaandika kwenye karatasi, kwa mpangilio. Asiyapige picha. Asimsomee mtu, hata anayejiita mwanawe kwenye simu. Anayeyajua ndiye mwenye mali.

Mama akacheka. "Kumbe ni sawa na roho. Haionekani, na ukiipoteza, umekwisha."

Nimerudi Kolwezi kama ninaelea.

Jumatano, 14 Mei
Mzani umeharibika. Nimekaa kivulini nikiota macho wazi. Mama anatoka hospitalini, mijakaranda imechanua, anaitazama mpaka anachoka. Utotoni mimi ndiye niliyemtungia uzi sindanoni. Alisema nina macho ya kunguru.

Jumamosi, 17 Mei
Naandika haya usiku.

Nimefika Kapata, karatasi hakuna. Mama ameichoma. Aliisoma juani, herufi moja moja, kisha akayatarizi maneno yote kwenye kitambaa chake cha meza. Herufi kubwa, uzi mwekundu, kwa mpangilio.

"Karatasi siko naiona, mwana wangu. Bidole yangu njo inasoma."

Na kitambaa? Amemwazima Mama Ngalula, jirani, kwa harusi ya binti yake.

"Kitu muzuri, banaficha?"

Nikatoka mbio. Ukumbini keki imekaa katikati ya kitambaa, simu za wageni zinapiga picha. Mwongoza sherehe ameshika kipaza sauti, anasoma maneno ya Mama akidhani ni sala. La kwanza ni nyuki. Sasa naweza kuliandika. Nyuki, amina. Daraja, amina. Ukumbi mzima unaitikia.

Nikarudi kwa Mama, nikachukua simu yake, nikatengeneza ufunguo mpya. Mtandao hakuna. Nikapanda kilima cha mabaki ya mgodi nyuma ya nyumba. Nikatuma yote kwenda kwenye ufunguo mpya, nikangoja. Chini, safu za nyumba za kampuni ya mgodi, vumbi limegeuka dhahabu, muziki wa harusi unakuja na kupotea. Sikujua nimesimama muda gani. Imefika. Yote. Nikakaa juu ya mawe nikalia.

Nilipanda nikiwa na hasira na Mama. Nimeshuka na aibu yangu mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi mwenye macho nilimpa karatasi mtu asiyeona.

Jumatatu, 19 Mei
Mzani umepona. Malori. Karatasi ya maneno mapya iko mfukoni, karibu na mwili. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 25 Mei
Kitambaa kimerudi na doa la keki. Kiko mezani, mahali pake. Nyuki na daraja ni pambo tu sasa.

Leo nimeshika sindano mimi. Mama amenitungia uzi kwa kupapasa, amenishinda kwa wepesi. Nimetarizi maneno mapya upande wa ndani wa foronya yake, ile anayoifua mwenyewe. Tangu kutoka misa hadi alasiri. Vidole vimetobolewa vyote. Herufi zimelala huku na huku kama walevi.

Mama akapitisha vidole polepole, midomo ikicheza, mpaka la mwisho. Akarudi kwenye la tano.

"Hapa umekosa herufi."

Nikaangalia. Kweli. Nikafumua, nikashona upya. Akapapasa tena, akatikisa kichwa kukubali. Karatasi tukaichoma kwenye jiko la makaa.

Akaigeuza foronya, akauvika mto, akaulalia kidogo. Nilikaa karibu naye mpaka aliposinzia.