Usiache Kemia Uje Kusuka

Satellite, Nairobi
Jumapili

Mdogo wangu Nafula,

Uko salama? Kifua cha Mama kimepoa, au bado anakohoa akiamka? Sisi tuko, Mungu ametushika. Imani wangu ameota jino la nne na ananing'ata nalo.

Mama alinipigia akasema umefeli kemia, unataka kuacha shule uje tusuke pamoja hapa Kenyatta Market. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ungesema ndiyo dada, ndiyo dada, kisha ukate.

Sikia kazi yenyewe. Jumanne alikuja mteja, mwalimu, nywele mpaka mabegani. Hapa kichwa kimoja tunakishika wawili ili kiishe haraka: Rispa mwenzangu kushoto, mimi kulia. Tukampaka dawa ya kulainisha nywele. Imani akalia, nikaenda kumnyonyesha. Saa hatuangalii, tunangoja mteja aseme inawasha. Akasema.

"Ukitaka uzuri sharti udhurike, mwalimu wangu," Rispa akamcheka.

Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ataosha. Nilipokuja kumwagia maji, nywele za upande wangu zilinibaki mkononi kama ndevu za hindi. Mwenye saluni akanipigia kelele mbele ya watu: "Mama Imani, wewe ni wa kufagia tu!" Tangu hapo nafagia. Rispa akageukia mteja mwingine, na tunakula sahani moja.

Ijumaa mwalimu akarudi, kitambaa kichwani. Nilingoja matusi.

"Ulifika darasa gani?"

"Fomu tatu."

"Haya, nisomee mkebe huu wa dawa."

Sodiamu haidroksaidi. Nafula, hiyo nilifundishwa! Sodiamu, kundi la kwanza, ina elektroni moja ya nje, inaipa klorini, tunapata chumvi ya mboga. Jedwali lile nililiimba kama wimbo wa kanisa nikapata alama, halafu mwaka mzima nimewapaka watu kichwani kitu hicho hicho bila kukitambua.

Akanichorea nyuma ya kalenda. Salfa iko kundi la sita, imepungukiwa elektroni mbili. Ndani ya unywele, moja inaipata kwa kushirikiana na kaboni, ya pili kwa kushirikiana na salfa nyingine. Hakuna anayempa mwenzake. Kila upande unatoa moja, zinashikwa pamoja. Hiyo ndiyo bondi, yaani kifungo, ambayo nadhani ilikushinda kwenye mtihani. Dawa inaikata. Kwa kiasi, nywele zinanyooka; ikizidi, unywele wenyewe unayeyuka.

"Na mimi nafundisha haya," akasema, "lakini sikuuliza dawa ikae dakika ngapi. Nilidhani nyinyi mnajua."

Nilichukua ufagio.

Nilipopata mimba, Nafula, hakuna nyumbani aliyesema rudi shule. Mama mwenyewe alinifungia sanduku, akakunja nguo vizuri. Bado inaniuma. Kemia umefeli mara moja. Mwombe mwalimu wako aanze tena na wewe kwenye kundi la kwanza, hata kama wenzako watacheka.

Ukija, nitakupa chai, utalala na Imani, na asubuhi nitakupeleka stejini mimi mwenyewe upande gari urudi shule. Usinijaribu.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki wa omena na kaka yetu wa bodaboda. Mama msomee barua hii yote, na pale pa sanduku usiparuke.

Ni mimi dada yako, nakupenda na sitanii,
Nekesa