Mistari Juu ya Uso wa Shemeji

Buyenzi, Bujumbura
Jumatano, baada ya alasiri

Dada Mwajuma,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Kama Mama amekaa karibu nawe anangoja umsomee, mwambie Idi anamwamkia sana, anakula, anaswali, kisha ikunje barua uende nayo uani. Mengine yote ni ya kwako peke yako.

Kifua cha Mama vipi siku hizi? Na mwanao Zaituni ameanza kutembea? Nauliza kama desturi inavyotaka, ila moyo wangu hauko kwenye salamu. Mume wako Bakari amekamatwa, Dada. Leo zimetimia siku tisa. Na aliyemponza ni mimi.

Nieleze tangu mwanzo, usije ukasikia kwa watu ikiwa imetiwa chumvi. Tangu vikwazo vya biashara vianze, kazi ya kupaka rangi pale gereji imekufa. Malori yamekaa juu ya mawe bila mafuta, nani ataandikisha jina ubavuni? Nikabaki nyumbani, na unaijua mikono yangu, haitulii. Nikaanza kujaribu kila kinachoacha doa. Kahawa nzito inatoa rangi nzuri ya ngozi, lakini nilipotia sukari ili ishike karatasi, sisimizi walikula shavu zima la mzee wa watu niliyemchora. Bulu ya kufulia ilikauka ikabanduka. Nikaleta udongo mwekundu kutoka Ruziba nikauchanganya na kiini cha yai, Shemeji akanikuta nimevunja yai lake la asubuhi. Akasema, "Idi, leo tutakula picha?" Hakukasirika. Wewe unajua yeye hakasiriki.

Mwishowe nikapata mkaa. Si wa jikoni, ule unakwaruza. Nachoma vijiti vya mpera ndani ya kopo lililofunikwa, vinatoka laini, unaweza kuchora mpaka kope za mtu. Nilimchora jirani mmoja, akalia alivyojiona. Shemeji akaona, akaniambia, "Basi nichore na mi, tumutumie Mwajuma. Mutoto asikomae bila kujua sura ya baba yake."

Shemeji si mtu wa kukaa kitako nimtazame. Anatoka alfajiri kwenda kule kwenye maghala, akirudi anasinzia na kijiko mkononi. Na picha zenu za harusi ziliungua pamoja na nyumba. Iliyobaki ni moja tu, ile ndogo kwenye karangamuntu yake, kitambulisho. Akanipa.

Sasa sikiliza kosa langu. Picha ndogo ukitaka kuikuza, unaipiga miraba, halafu unapiga miraba mikubwa kwenye karatasi, unahamisha mraba kwa mraba: jicho hapa, pua hapa. Hivyo ndivyo Fundi wa pale gereji alivyonifundisha. Siku zote napiga kwa penseli kisha nafuta. Jumapili ile penseli ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa na haraka ya kuona uso unatoka. Nikachukua kalamu ya wino. Nikajiambia mistari ni myembamba kama nywele, nani ataiona? Dada, mtu mwenye akili timamu hachori kwenye kitambulisho cha mtu katika mji huu. Mimi nilichora. Shemeji alipoiona alicheka tu, akasema nimemfanya samaki, ndagala mu wavu, akaitia mfukoni.

Kesho yake akasimamishwa kwenye bariyeri ya wanajeshi, njia ya kwenda kazini. Alikuwa na Deo, mwenzake wa kule ghalani, ndiye aliyekuja kunieleza. Askari aliinua kile kitambulisho kwenye mwanga. "We, nani alikata sura yako na misitari hivi? Hii foto mulibandika." Shemeji akajibu, "Apana, ni shemeji yangu, muchoraji. Alikuwa anapima." Askari akasema, "Muchoraji anapima mutu ku karangamuntu?" Deo anasema Shemeji alikuwa bado anatabasamu walipomvua mkanda.

Siku saba nimesimama pale wanapomshikilia, nafukuzwa. Jana sikumwona mtu wa kuongea naye. Leo ofisa mmoja amekubali kunisikia. Akauliza kama hiyo picha niliyochora ipo. Nikasema ipo. "Iko na misitari?" Nikasema, "Iko nayo, shefu." Akasema, "Basi leta kesho asubuhi. Tutaweka karangamuntu pembeni. Misitari ikipita pahali pamoja, mutu wako anarudi. Isipopita, na we unabaki."

Nilisema uongo. Mistari nilikwisha kuifuta kwa mkate laini, ndio kifutio cha mkaa, yote, hata alama haikubaki, kwa sababu nilitaka uione picha safi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Umo hata ule ukimya wake wa mdomoni anapotaka kutania. Nilikuwa nimeifunga kwenye kanga yako ya zamani, nangoja mama muuza mawese aivushe ziwa ikufikie.

Basi tangu adhuhuri nimekaa nayo mbele yangu naichora upya ile miraba juu ya uso uliokamilika. Kitambulisho wanacho wao, mimi nina kumbukumbu tu. Mstari wa kwanza nina hakika nao, ulipita kwenye kovu la nyusi, lile la mpini wa jeki, maana hapo ndipo nilipoanzia. Kutoka hapo nikapima kwa uzi. Wa macho, sawa. Wa pua, sawa. Wa masikio, nikanawa mikono kwanza, nikarudia kupima. Kila nikiweka mstari naona kama namkata kwa wembe. Nimelia, sikufichi. Mkaa umeingia machozi upande wa shavu, usishangae ukija kuiona siku moja.

Barua hii nampa mama wa mawese jioni hii. Picha sikutumii. Nisalimie Mama, nisalimie mama mkwe wako na wifi yako mkubwa mliokimbia nao, waambie Bakari yuko kazini. Mjomba mwambie kweli, yeye anajua kunyamaza. Zaituni mpakate kwa ajili yangu.

Mistari yote nimeimaliza isipokuwa wa mdomo. Sikumbuki ulipita juu ya mdomo wa chini au katikati ya midomo. Nimejaribu kufumba macho, nimejaribu kupima, nafasi inakubali pote pawili. Ofisa anaingia kazini kesho saa mbili asubuhi. Dada, kunisamehe au kutonisamehe ni kazi ya baadaye. Sasa hivi tawadha, umwombe Mungu juu ya jambo hili moja: nimeuweka katikati.

Mdogo wako,
Idi