Zabibu Nyeusi Chini ya Maji

Jumapili, 2 Juni
Nimezamia mara ya nne. Maji barafu, meno yaligongana kwenye mpira wa kupumulia. Sikulalamika. Klabu nzima ya wazamiaji inajua mie mtoto wa Unguja, nimelelewa na samaki. Ukweli nimeondoka huko na miaka mitano, na kuogelea nimejifunza bwawa la Hounslow, hapa London. Hilo hawalijui na hawatalijua.

Kila mdudu tusiyemjua tunamwandika kwenye daftari la klabu. Sheria ya mwalimu Brian ni moja: macho tu, mikono kaa nayo. Leo tumeona shada jeusi kama zabibu, limeng'ang'ania mwani. Brian akalipiga picha. Tulipopanda nikaandika bila kusita: mbegu za mwani, kwetu tele. Jina nimelitoa kichwani. Brian akakunja uso.

Basi tuliposhuka tena nikalinyofoa, nikalisokomeza kwenye mkono wa nguo ya mpira. Nitaziotesha, wanyamaze. Harjit hakuniona, alikuwa na mfuko wake wa wavu anaokota takataka. Harjit ni Kalasinga wa Nairobi, tunapakia mizigo pamoja uwanja wa ndege.

Jumatatu, 3 Juni
Mbegu zimo kwenye chupa ya achari, dirishani. Maji ya bomba, chumvi vijiko vinne. Bahari ni nini zaidi ya hapo? Profesa mie.

Jumatano, 5 Juni
Mkutano wa klabu. Mbaya.

Brian alizamia tena jana, akakuta shada halipo, mwani umechanika. Akauliza nani. Akamtazama Harjit, kwa ajili ya ule mfuko. Harjit akaapa. Brian akasema Jumapili Harjit hazamii mpaka ijulikane. Na mie nimesimama pale pale. Ulimi wangu huu usiolala, leo umelala.

Kwenye basi Harjit ananitania: "Wewe mtu ya kisiwa, si uniambie ni samaki gani amekula hiyo kitu?"

Nikacheka. Mshenzi mie.

Alhamisi, 6 Juni
Bibi yangu kaiona chupa. Bibi alikuwa akichokoa pweza Makunduchi tangu msichana. Hapa Hounslow samaki wa friji anamnusa tu, anamrudisha.

Akachovya kidole, akaonja. "Bahari ya wapi hii? Huu mchuzi."

Akatoa zabibu moja, akaipasua kwa ukucha. Ndani mna kitoto, kama punje ya mchele. Kina macho mawili meusi. Kilitikisika kidogo, kisha basi.

"Mayai ya dome haya, baba. Umewatia watoto wa watu kwenye achari."

Dome, yule binamu wa ngisi. Hata sikumjua. Bibi hakufoka. Bora angefoka.

Akayabonyeza moja moja. Yaliyolegea akayatenga. Yamebaki saba. Nimekimbia duka la samaki wa mapambo, nikaomba maji yao ya bahari. Chupa sasa iko kwenye friji, kando ya maziwa. Kila nikifungua friji naona macho.

Ijumaa, 7 Juni
Zamu na Harjit, masanduku ya mahujaji. Mara tatu nimefungua mdomo. Mara tatu kimetoka kichekesho.

Jumamosi, 8 Juni
Nimesema.

Kwanza Harjit, kwenye chumba cha chai. Nilitaka anipige. Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. "Siku tatu," akasema. "Siku tatu unanicheka." Akatoka.

Kisha Brian, kwa simu. Nimefungiwa mpaka mwaka ujao. Sikubisha, hata mzaha sikuweka. Nimeomba jambo moja: mayai yarudi yalikotoka. Amesema atakayeyarudisha ni Harjit, akikubali.

Jumapili, 9 Juni
Harjit amekubali. Kwenye treni alikaa behewa jingine.

Nilikaa kwenye kokoto na taulo lake. Alishuka na chupa ndani ya ule ule mfuko wa wavu. Nikahesabu mapovu mpaka yakapotea. Alipopanda midomo ilikuwa ya buluu. Akachukua taulo. "Nimefunga kwa mwani ule ule," akasema. Hakuna zaidi. Kama vitoto vitatoka, hakuna ajuaye.

Brian akanipa daftari. Nimefuta mbegu za mwani. Nimeandika mayai ya dome. Penye jina la aliyetambua nimeandika Bi Mwanaidi. Brian akauliza ni mzamiaji wa klabu gani. Nikamwambia bibi yangu, hajawahi kuvaa mtungi wa hewa.

Nyumbani Bibi aliitazama chupa tupu. Hakuuliza habari za mayai. Aliuliza kama Harjit anakula pweza wa nazi, maana Jumapili ijayo anataka kumpikia.

Nimesema nitamwita. Sijui kama atakuja.

Nimeiosha chupa. Bado inanuka achari.