Hodi ya Tatu

Jakobsberg, Stockholm

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Kiruna na baridi yake? Sisi hatujambo. Goti la babu yako limepona, ila kulilalamikia hajaacha.

Umeniuliza kama urudi huku nyumbani, kwa kuwa tangu uanze kazi huko kaskazini hakuna jirani hata mmoja aliyekukaribisha.

Nilipokuwa nasomea uuguzi hapa, likizo moja nilikwenda kutembea Uskoti, katika mji mdogo wa kale kando ya mto. Nilifika kwenye nyumba ya wageni nimelowa chapachapa. Mlango ulikuwa wazi, nikapiga hodi. Ndani mama mmoja mzee alikuwa anakunja mashuka. Akanitazama, akatabasamu, akaendelea na mashuka yake. Nikapiga tena, kimya. Ya tatu nayo haikuitikiwa, na kwetu hapo unaondoka. Nikabeba begi langu nikashika njia ya kurudi kwenye daraja la mawe, machozi yananilengalenga.

Mara nikasikia ndara zinakimbia nyuma yangu. Yule mama akanifunika taulo kichwani.

"Unakwenda wapi, binti? Si nimekuachia mlango wazi?"

Mto wenyewe nimeshaisahau rangi yake. Ule mlango bado nauona.

Neema, umeandika pia kwamba kila asubuhi unakuta theluji imeshaondolewa mlangoni pako. Hukuniambia ni nani anayeiondoa.

Ukija Pasaka, usibonyeze kengele. Piga hodi, nami nipate raha ya kukuitikia.

Ni mimi, bibi yako.