Bata Amechukua Kanga ya Baraka

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Tangu nijifungue, nikishika tu kalamu usingizi unanibeba.

Jumamosi tulitoka huku kwetu Husby kwenda kuona ndege, kwenye ziwa dogo la hifadhi lililotengwa na bahari kwa matete. Jua linawaka lakini upepo baridi! Nilipomshusha Baraka nimfunge vizuri mgongoni, upepo ukanipokonya kanga yako ya kumbebea. Bata mmoja mkubwa, mweupe, shingo ndefu, akaiburuta mpaka kwenye kiota chake chenye mayai, akailalia.

Nikavua viatu niifuate. Mlinzi akanizuia, eti msimu wa mayai hakanyagi mtu huko. Nikamwambia, "Hiyo ni kanga ya mama yangu!" Akasema pole, ila nisisogee.

Ndipo Neema, dada yake Baraka, akanivuta sketi. Unamjua, kila nikimsemesha ananijibu Kiswidi, na wewe bibi yake vilevile, mpaka siku ile ukakata simu ukilia. Safari hii akasema, "Mama, mwache. Na yeye ni mama." Kwa Kiswahili! Nikavaa viatu vyangu. Baraka nikamrudisha mikononi, mabega yanauma, huku nacheka peke yangu.

Tunakupenda sana, usichoke kutuombea. Nitumie kanga moja, siyo mpya, ile uliyoifua mpaka ikalainika. Na iliki. Ubuyu atakuomba Neema mwenyewe kwenye simu. Akiuomba kwa Kiswidi, usitume.

Mwanao, Rehema